Maskini Mwanangu

Kiswahili humtanguliza mtu. Tunasema "mtu mrefu", "mtu mwema", "mtu mgonjwa". Kwanza anaingia mtu, kisha ndipo zinaingia habari zake. Waingereza na Wajerumani hufanya kinyume: sifa hutangulia na mwenye sifa husubiriwa. Askofu Edward Steere wa Zanzibar, aliyechapisha kitabu chake cha kuwafundisha wageni Kiswahili mwaka 1870, aliwaeleza wasomaji wake kwamba kivumishi hufuata nomino, na mpaka leo mwalimu wa shule ya msingi hana mengi ya kuongeza hapo. Kinyamwezi, lugha ya mama yangu mzazi, nacho hupita njia hiyo hiyo, kama zilivyo lugha za Kibantu kwa jumla.

Kanuni hii nilikuwa naijua kama mtu anavyoijua njia ya kisimani, anapita tu. Aliyenifanya nisimame na kuitazama ni sista mmoja Mkatoliki kutoka Italia. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukikutana hospitalini hapa Tabora, yeye akiwaangalia wagonjwa wake na mimi wa kwangu, na mara nyingi tulingoja pamoja chini ya mwembe mpaka saa ya kuona wagonjwa ifike. Kiswahili chake kilikuwa safi. Siku moja nikamwuliza, "Sista, kwenu Italia sifa inakaa wapi, mbele ya jina au nyuma?"

Akacheka. "Kote kuwili, Mchungaji. Ndiyo taabu yenyewe."

Akanieleza huku akihesabu kwa vidole. Un uomo povero ni mtu asiye na mali. Lakini ukisema un pover'uomo, umelitanguliza lile neno, na sasa unamsema mtu wa kuhurumiwa, hata kama ana nyumba tatu. Un amico vecchio ni rafiki aliyezeeka. Un vecchio amico ni rafiki wa siku nyingi, na huenda bado ni kijana. Un uomo grande ni pande la mtu, na un grand'uomo ni mtu mkuu, ambaye huenda ni mfupi kuliko sisi wote. Sifa ikikaa nyuma, alisema, inapima: mwingine akija na kipimo chake ataona vile vile. Ikikaa mbele, anayesema ni moyo wa msemaji. Kisha akaongeza jambo ambalo sijalisahau. Kwao mtu akimtaja mama yake aliyefariki husema la mia povera mamma, na hapo hakuna anayeuliza kama mama huyo alikuwa na pesa au hakuwa nazo.

Nikamwambia kwamba na sisi tunalo moja la namna hiyo.

Tunalo, nalo ni neno "maskini". "Mtoto maskini" ni mtoto wa familia isiyo na kitu. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuja na fomu yake akathibitisha. "Maskini mtoto huyu" ni habari nyingine kabisa. Hapo hakuna fomu. Na ili uone kwamba mali haihusiki, sikiliza watu wakitoka msibani: "Maskini tajiri yule, amezika mtoto wa pili." Maskini tajiri! Ukiyageuza maneno hayo, "tajiri maskini", unabaki na kitu kisichoeleweka. Yakikaa kwa mpangilio ule, hakuna Mtabora atakayekuuliza una maana gani.

Vivumishi vingine havina ruhusa hii. Huwezi kusema "mzuri mtoto" wala "mrefu mtu". Sifa za Kibantu hufuata nyuma zikiwa zimevaa sare ya yule anayetangulia: kiti kizuri, viti vizuri, mti mzuri, miti mizuri. Huwa nawafananisha na wapagazi wa msafara nyuma ya kirangozi, yule kiongozi aliyekwenda mbele kabisa na ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Neno maskini halivai sare. Mtoto maskini, watoto maskini, kijiji maskini, halibadiliki. Lilikuja kama mgeni, na kama wageni wengine, linapewa nafasi ambayo wenyeji hawapewi.

Ugeni wake ni wa mbali. Katika sheria za Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, lipo neno mushkenum, likimtaja mtu aliye chini ya waungwana bila kuwa mtumwa. Kiebrania kinalo kama misken, nalo limo katika kitabu cha Mhubiri, sura ya 9, katika kile kisa cha mji mdogo uliozingirwa na mfalme mkubwa: mtu mmoja maskini mwenye hekima akauokoa mji, na baada ya hapo hakuna aliyemkumbuka. Kiarabu kikawa nalo, miskin. Kutoka Kiarabu likavuka Bahari ya Kati likafika Italia na kuwa meschino. Nilipomweleza sista jambo hili alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kwao neno hilo limeharibika: zamani meschino alikuwa mnyonge wa kuhurumiwa, sasa ni mtu mwenye moyo mdogo, mwenye choyo, wa kudharauliwa. Kwao huruma ilihamia katika povero, na meschino akaachwa na aibu.

Kwetu lilikuja kwa jahazi mpaka pwani, halafu kwa miguu. Mimi nimekulia katika mji uliotengenezwa na miguu. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, mahali walipopaita Kazeh, walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani, na walikuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga na kupanda. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kiasi cha frasila mbili, karibu kilo 32, begani: kwenda juu nguo, shanga na waya wa shaba, kurudi pwani meno ya tembo. Na pamoja na pembe hizo walishuka watu, wakiwa wamefungwa. Kila mtemi aliyepitiwa alidai hongo kwa mizigo ipitayo. Maneno hayakutozwa hongo. Yaliingia bure: heri, rehema, dhambi, msamaha, roho, maskini. Ndugu zetu waliotutangulia katika kazi ya Biblia waliyatazama maneno hayo kwa macho tofauti. Karl Roehl, Mlutheri kutoka Ujerumani, katika Biblia yake ya mwaka 1937 alijitahidi kuyapunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 haikuwa na hofu hiyo. Kazi ya Roehl ina heshima yake. Ila mimi ni mtoto wa mji wa misafara, na maneno yaliyokuja kwa miguu siyaonei haya.

Sasa niseme kwa nini jambo hili la sarufi linanikaa moyoni kuliko linavyostahili.

Kiswahili humtanguliza mtu, nimesema. Lakini Kiswahili kina mlango wa nyuma: kinaruhusu mtu aondolewe kabisa, na sifa ikae peke yake kitini pake. Hatusemi "mtu kilema", tunasema "kilema". Hatusemi "mtu mwenye ukoma", tunasema "mkoma". Mkoa wetu wa Tabora ni mmojawapo wa mikoa ambako watu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo, na mwaka 2008 hakuna aliyekuwa na haja ya kuambiwa nini maana ya neno "zeruzeru" linaponong'onwa usiku. Neno hilo halina mtu ndani yake. Bunge lilipopitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, wako waliocheka kwamba serikali inarefusha maneno bila sababu. Mimi naona sheria hiyo, katika jina lake tu, iliwarudisha watu mahali pao: watu kwanza.

Nyumbani kwetu neno lisilo na mtu lilikuwa "mlevi".

Baba yetu alitoka Iramba akaja Tabora kufanya kazi ya reli, akamwoa mama hapa hapa. Mimi nilikwenda chuo cha theolojia. Mdogo wangu alikuwa fundi seremala, na alikuwa na mkono ambao sijaona mfano wake. Mninga ulimtii. Vitanda vyake viko katika nyumba za watu hapa mjini mpaka leo na havijalegea. Alianza na pombe za kienyeji, akaishia kwenye gongo, na kwa miaka kumi na minne tuliishi naye hivyo, akiacha na kurudia, akiacha na kurudia. Mke akaondoka na watoto. Usharika wake ukamwonya, ukamwonya tena, ukamtenga na Meza ya Bwana. Hilo lilifanywa kwa utaratibu, na mimi mwenyewe kama mchungaji nimewatenga watu kwa utaratibu huo huo na nimewapokea waliorudi kundini. Siusemi vibaya utaratibu. Ninachokisema ni daftari. Katika daftari la washarika, mkabala na jina lake, kwenye safu ya maoni, mtu alikuwa ameandika neno moja tu: Mlevi. Nililiona kwa macho yangu siku nilipokwenda kuomba namba yake ya ubatizo.

Mama hakulitumia neno hilo hata siku moja. Alipomwona akipepesuka kutoka barabarani, akiwa amepoteza kiatu kimoja, alisema, "Maskini mwanangu." Alipouza randa na misumeno yake kwa bei ya chupa, alisema, "Maskini mwanangu," halafu akamkaripia kwa Kinyamwezi mpaka majirani wakatoka nje. Asidhani mtu kwamba mama alikuwa mpole. Alimfungia mlango usiku mwingi. Siku moja alimwita mjumbe wa nyumba kumi aje amwondoe. Lakini hata mjumbe alipokuwa anamvuta mkono, mama alisimama mlangoni akasema lile lile.

Angalia maneno hayo mawili yamekaaje. "Mwanangu" limebeba umilikaji ndani yake, limeshikana na mtu mpaka huwezi kuupitisha hata wembe. Ndivyo Kiswahili kilivyo: "mtoto wangu mdogo", si "mtoto mdogo wangu". Kwanza mtu, kisha mwenyewe, ndipo sifa. Anajulikana ni wa nani kabla hajajulikana akoje. Na lile neno pekee linaloruhusiwa kupita mbele ya "mwanangu" ni neno ambalo halimpimi.

Wasomaji wengi wa kitabu hiki wamekwisha kufika Luka 15, kwa hiyo nisiwacheleweshe. Tunakiita kisa cha Mwana Mpotevu, jina tulilolitoa sisi. Lakini wasikilizeni wanafamilia wenyewe wanavyoitana. Kaka mkubwa, akiwa amekasirika, hasemi "ndugu yangu". Anamwambia baba habari za huyo mwana wako, na papo hapo anataja makahaba, ambao msimulizi hakuwahi kuwataja. Baba anamjibu kwa kumrudishia umilikaji wake: huyu ni ndugu yako. Na alipozungumza na watumishi alisema huyu ni mwanangu, ndipo yakaja ya kufa na kupotea, nayo yakaja nyuma. Ugomvi wote wa nyumba ile ni juu ya neno gani likae karibu na kijana.

Martin Luther aliujua uzito wa neno dogo na mahali pake. Mwaka 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, aliandika barua ya wazi juu ya kazi ya kutafsiri, akijitetea kwa sababu alikuwa ameongeza neno "tu" katika Warumi 3, kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani tu. Sehemu hiyo hunukuliwa sana vyuoni. Sehemu inayosomwa kidogo ni pale anapoeleza shida yake na salamu ya malaika kwa Mariamu. Alitamani kuitafsiri kwa namna ambayo Mjerumani angemsalimu mtu ampendaye, kwa kuweka kile kineno chao cha "mpendwa" mbele ya jina, na akatilia shaka kama lugha nyingine zina neno linaloingia moyoni namna ile. Laiti angefika Tabora. Na sisi "mpendwa" tunaweza kuliweka nyuma au mbele, na barua inayoanza "Mpendwa Mama" haisomwi kwa sauti ile ile ya barua inayomtaja "mama mpendwa".

Miaka kumi na miwili kabla ya barua hiyo, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, Luther alitoa hoja ambayo naiona kubwa kuliko zile 95 za mwaka uliotangulia. Ni hoja ya 28. Upendo wa mwanadamu, alisema, huzaliwa na kile kinachopendeza unachokikuta. Upendo wa Mungu haukikuti kinachopendeza, unakiumba. Kwa lugha ya darasani ningesema: sisi tunasubiri kivumishi kizuri ndipo tuseme "wangu". Yeye anasema "wangu" kwanza. Tulipokuwa wanafunzi tulikariri kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, tukaandika mtihani tukapita. Mimi sikuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wake.

Mdogo wangu alilazwa mara ya mwisho akiwa na ini lililokwisha. Alikuwa amevimba tumbo na macho yamekuwa manjano. Usiku wa tatu aliniambia niwaondoe watu. Akaungama. Aliyoyasema ni yake. Nikamtangazia msamaha wa dhambi kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kama nilivyopewa mamlaka siku ya kuwekewa mikono, na nikampa Chakula cha Bwana kwa kijiko, kwa kuwa kumeza kulimshinda. Alfajiri ya siku iliyofuata akafa.

Jioni yake baraza la wazee wa usharika wake likakaa nyumbani kwetu, katika chumba cha mbele, chini ya taa ya kemli kwa sababu umeme ulikatika. Mimi nilikaa upande wa wafiwa. Si usharika wangu, na katika nyumba ya msiba kaka wa marehemu hana sauti ya mchungaji. Swali lilikuwa kama jeneza lake liletwe kanisani na kengele igongwe, ilhali alikuwa ametengwa na hakurudi kundini mbele ya washarika. Nikaeleza yaliyotokea hospitalini. Mzee mmoja, mtu mwenye hekima ambaye mimi namheshimu mpaka leo, akanijibu kwa upole, "Mchungaji, hayo ni ya kwenu wawili na Mungu. Sisi tuna daftari. Tukimgongea kengele mlevi, kesho vijana tutawaambia nini?"

Hoja yake si ya kipuuzi. Nidhamu ya Kanisa isipokuwa na uzito wowote, basi na msamaha unaofuata hauna uzito. Wako kina mama katika usharika ule waliopigwa na waume walevi, na kengele ile wangeisikia na wao. Nilimwelewa, na sikuwa na jibu la kumshinda.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, amejifunika kitenge, tukidhani hasikii. Akasema bila kuinua kichwa, "Maskini mwanangu. Nyinyi ndio mliombatiza. Siku ile mlimwita kwa jina lake. Hamkumwita hilo mnalomwita leo."

Hakuna aliyezungumza kwa muda. Mwishowe wakaamua nusu kwa nusu, kama mabaraza yanavyofanya: ibada itafanyika nyumbani, mwinjilisti ataongoza, jeneza halitafika kanisani, lakini kwaya itaruhusiwa kuja kaburini. Kengele haikugongwa. Mimi nimeamua nisiubebe uamuzi huo kama jiwe, ingawa ziku siku huwa nausikia uzito wake, hasa Jumapili ninapopita barabara ile.

Yapo maneno mengine yanayoruhusiwa kumtangulia mtu katika lugha yetu, na ni machache mno. Lipo "kila": kila mtu, kila mwanamke, kila mlevi. Nalo lilitoka Uarabuni, nalo halivai sare, na kwa mhubiri wa Injili hakuna neno bora la kutangulia mbele ya mtu kama hilo. Lipo "heri", ingawa hilo si kivumishi. Lakini Bwana alipofungua kinywa chake mlimani akawataja maskini bila kuweka "watu" kabla yao, hakuwaacha wazi, aliwatangulizia heri. Na lipo "marehemu".

"Marehemu" sisi tunalisikia kama "aliyekufa". Katika Kiarabu kilikotoka, shina lake ni lile lile la rehema, na maana yake ni "aliyerehemiwa". Linatangulia jina. Hata wale wazee, walipokuwa wakijadiliana chini ya ile taa, kila walipomtaja walisema "marehemu". Marehemu alikuwa mlevi. Marehemu alitengwa. Marehemu hakurudi. Lugha ilikuwa imekwisha kumtangulizia rehema kabla hawajafika kwenye hoja zao, na wao hawakuwa na njia ya kumtaja bila kupita hapo. Sitaki kuligeuza hili kuwa fundisho la imani. Wokovu wa mtu hauthibitishwi kwa kamusi, na neno hilo tunawapa wote wafao, wabaya kwa wema. Nasema tu kwamba nililisikia usiku ule, na lilinisaidia kukaa kimya.

Rafiki zake wa karakana walitengeneza jeneza na msalaba usiku huo huo, bila kudai pesa. Mwenye brashi alikuja kuniuliza aandike nini, nikamwambia aandike kama wanavyoandika watu wote. Akaandika Marehemu, akaandika jina la ubatizo na la baba, na miaka miwili yenye kistari katikati. Mama hajui kusoma vizuri. Baada ya arobaini nilikwenda naye kaburini, akaniomba nimsomee. Nilipofika kwenye neno la kwanza nikamweleza maana yake ya asili, ile ya Kiarabu. Akauliza, "Na waliandika wenyewe, hukuwaambia?" Nikasema waliandika wenyewe. Akashika ule mti kwa vidole, akasema rangi hii mvua mbili zitaifuta.

Imefutika kweli. Mwenzake mmoja wa karakana amepata ubao wa mkurungu, mzito, usioliwa na mchwa, na amekubali kuyachonga maneno kwa patasi badala ya kupaka. Ameniambia herufi nane za neno la kwanza zitachukua nafasi kubwa, na akauliza kama tunaweza kulifupisha liwe "Mar." tu, kama wengine wanavyofanya. Nimemwambia alichonge lote.